Ukimpeleka mtoto kwenye Sanamu ya Askari, anza kusoma chini

Mwaka juzi mpwa wangu alikuja Dar likizo kutoka Songea. Ana miaka 12 na maswali ya mtu wa 50. Siku ya pili tukashuka Posta, tukatembea mpaka makutano ya Samora na Azikiwe, nikamwonesha yule mtu wa shaba mwenye bunduki. Akauliza ni nani. Nikajibu bila hata kumeza mate: "Huyo ni shujaa wetu. Alipigania uhuru."

Pembeni alikuwepo mzee muuza kahawa, na birika lake juu ya makaa. Hata hakuinua kichwa. "Kijana, usimdanganye mtoto. Umesoma pale chini?"

Nimeishi mji huu zaidi ya miaka 20. Nimepita pale kwa miguu, kwa daladala, na usiku wa manane kwa bodaboda. Sikuwahi kusoma.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza ndio huo wa mzee: ukifika kwenye sanamu yoyote, macho yashuke kabla hayajapanda. Subiri magari yapungue, maana pale ni katikati ya barabara na madereva hawana habari na historia, kisha sogea kwenye kitako. Maneno yako kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Yanasema hii ni kumbukumbu ya askari Waafrika waliopigana Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, na ya wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na ya wengine waliokufa wakimtumikia mfalme wao. Mfalme mwenyewe ni wa Uingereza. Aliyeandaa maneno hayo ni Rudyard Kipling, mwandishi Mwingereza. Uhuru umo wapi hapo? Sanamu ilizinduliwa mwaka 1927, wakati TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Nilikuwa nimekosea kwa kizazi kizima, tena kwa sauti ya kujiamini.

Swali la pili la kumfundisha mtoto ni nani aliyeisimamisha, na kabla yake kulikuwa na nini. Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916 wakimfukuza Mjerumani. Mjerumani naye alikuwa amesimamisha sanamu yake mjini humu, ya Hermann von Wissmann, yule aliyeletwa kuzima upinzani wa pwani wa kina Abushiri, ambaye alinyongwa Pangani mwaka 1889. Wissmann alisimama juu, na chini yake aliwekwa askari Mwafrika akimtazama bwana wake kwa kuinua shingo. Waingereza wakaiondoa. Ikaishia Hamburg, ikasimamishwa mbele ya chuo kikuu mwaka 1922, hadi wanafunzi walipoiangusha mwaka 1968 na haikurudishwa tena. Nimewasikia watu wa mjini wakiiita sanamu yetu Bismini. Sina ushahidi, ila sikio langu linamsikia Wissmann ndani ya jina hilo.

Tukiwa tunasoma, mpwa wangu akatupa swali lililonikausha koo. "Mjomba, huyu ndiye aliyewanyonga wale wa kwetu?"

Mtoto wa Songea hahitaji kuhadithiwa Majimaji. Kila Februari 27 mji wao unakumbuka mashujaa walionyongwa mwaka 1906, na makumbusho iko palepale penye makaburi. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, naye alinyongwa. Kamba ilikuwa ya Mjerumani, lakini wengi wa waliobeba bunduki za Mjerumani walikuwa weusi kama mimi na yeye.

Hapo ndipo wazazi wengi hukimbilia kununua aiskrimu. Msikimbie. Nilimjibu hivi: huyu wa shaba ni askari wa Mwingereza, si wa Mjerumani, na vita vyake ni vya baadaye. Ila wale askari wa Mjerumani walikuwepo, nao hawana sanamu mjini hapa, kwa sababu waliokuwa upande wao walishindwa vita. Mshindi ndiye aliyenunua shaba. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama watoto wao walichekwa. Sikuwa na jibu, nikamwambia hivyo hivyo.

Kama una subira, mtembeze mpaka Mnazi Mmoja, kwenye mtaa wa Kleist Sykes. Baba yake Kleist alikuwa Mzulu aliyekuja na Wissmann kutoka Msumbiji kama askari wa kukodiwa. Kleist mwenyewe alipigana Vita Kuu upande wa Wajerumani, chini ya kamanda wao Lettow-Vorbeck. Huyohuyo, mwaka 1929, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa African Association, chama cha Waafrika kilichokuja kuzaa TANU. Mtoto wake Abdulwahid alipelekwa na Mwingereza mpaka Burma katika vita vya pili, akarudi, akawa miongoni mwa walioasisi TANU. Babu alikuja kuusaidia ukoloni kuingia, na mjukuu akaufungulia mlango wa kutokea. Dar imewahi kubishana sana juu ya nani alitajwa na nani alisahauliwa katika hadithi ya TANU, na sitegemei ubishi huo uishe. Kibao cha mtaa ni kidogo, watu wanakiegemea wakinunua vocha.

Majina ya mitaa yenyewe ni makumbusho ya bure. Samora iliwahi kuitwa Independence Avenue, na kabla ya hapo Acacia Avenue. Mtaa wa Lumumba ulikuwa New Street. Mpe mtoto kazi: kila kibao atakachokiona aulize ni mtu gani huyo. Utachoka wewe kabla yake.

Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, nendeni asubuhi mkiwa mmeshiba, na ubebe kitambulisho, maana kiingilio cha raia si cha mgeni. Lile jengo la zamani lilifunguliwa mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano, kwa hiyo hata kuta zina historia yake. Usijaribu kuona kila kitu. Chagua chumba kimoja, kaa humo. Na mweleze pia kisichokuwepo: mifupa ya yule mjusi mkubwa iliyochimbwa Tendaguru, Lindi, kuanzia mwaka 1909, imesimama Berlin. Mpwa wangu aliudhika na hilo kuliko mambo yote ya siku ile. Alitaka kujua nauli ya Berlin.

Mwisho tukaenda Kariakoo, na kwa kweli ningekuwa na saa moja tu ya kumtembeza mtoto ningeanzia huku. Kwenye kitako cha Askari wapagazi wanatajwa, ila juu hawapo. Nairobi kwenye sanamu yao kuna mpagazi, amesimama pamoja na askari. Sisi tumebaki na mwenye bunduki peke yake. Wapagazi wale walichukuliwa vijijini, wengi kwa nguvu, wabebe risasi na unga wa majeshi, wakafa makumi ya maelfu, wengi kwa homa, kuhara na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Kambi yao ilikuwa huku, na wenyeji wakalitamka jina kwa ulimi wao mpaka likawa Kariakoo.

Nilimwambia mpwa wangu hilo tukiwa tumesimama karibu na soko, kwenye msongamano wa kawaida wa pale, ndoo za plastiki, mitumba, mtu anauza chaja. Akalitamka jina taratibu mara mbili, kama anayelionja. Nilikuwa natafuta la kuongeza, nyuma yetu likaja toroli limejaa marobota, na kijana anayelisukuma jasho linamtiririka mpaka kidevuni.

"Pisha mzigo! Wewe mzee, pisha!"

Mpwa wangu akanivuta mkono, tukapisha.