Wataalamu wa hisa wanapata faida kuliko sisi wa kujitegemea? Nimekaa pande zote mbili

Mkuu, umeuliza kama hiyo milioni 5 umpe mtaalamu akuzungushie kwenye hisa au uhangaike nayo mwenyewe, maana umesikia wenye kazi yao ndio wanaokula faida. Nilifanya kazi kwa dalali mmoja wa hisa hapa Dar karibu miaka minne, na hela zangu mwenyewe nimezichoma sokoni, kwa hiyo nakujibu kama mtu wa kaunta na kama mteja.

Pale ofisini sikumuona mtu aliyetajirika kwa kubashiri bei. Ofisi ilikula kamisheni, sisi tukala mshahara. Mteja akinunua anakatwa, akiuza anakatwa, amepata au amekosa. Kwa hiyo ukiambiwa wataalamu wanapata, uliza kwanza wanapata kutoka wapi.

Wanaosimamia hela za watu nao, ukiwapima, wengi hawatishi. Marekani, ambako hesabu huwekwa wazi, ukihesabu miaka 15 mameneja wengi wa mifuko ya hisa huachwa nyuma na S&P 500, yaani kipimo cha hisa za makampuni makubwa 500 ya huko. Warren Buffett, yule bilionea mwekezaji wa Marekani, aliwahi kuwekeana dau la dola milioni 1 na kampuni ya uwekezaji ya Protégé Partners, kuanzia 2008 hadi 2017. Yeye alichukua mfuko unaofuata soko tu, wao wakachagua mifuko mitano ya wajanja wanaotoza ada nene. Wake ulileta kama asilimia 7 kwa mwaka, yao kwa wastani kama 2. Wapo wanaoweza kweli, siwanyimi haki yao: mfuko wa Medallion wa kampuni ya Renaissance ya Marekani unajulikana dunia nzima kwa faida zake. Ila haupokei mwekezaji mpya wa nje tangu 1993. Anayeweza kiasi hicho milioni 5 yako ya nini?

Sasa na sisi wa kujitegemea tusicheke. Watafiti wawili, Barber na Odean, walichambua akaunti za kaya 66,465 za Marekani, 1991 hadi 1996. Waliokuwa wananunua na kuuza sana walipata asilimia 11.4 kwa mwaka, wakati soko lenyewe lilitoa 17.9. Mimi sikuhitaji kwenda Marekani kuliona hilo. Nilinunua hisa za benki moja kwa milioni 2, zikapanda kidogo, nikauza kwa 2,080,000 huku natamba. Nilipochukua karatasi zangu mbili za dili nikajumlisha makato, kamisheni na VAT yake, ya soko, ya mamlaka inayosimamia soko, ya kuingia na ya kutoka: 96,000 na ushee. Nimefanya biashara ya faida ya 80,000 kwa gharama ya 96,000! Na mwaka huohuo nikarudia mara mbili. Mtu wa kaunta mimi, ninayewakata wenzangu kila siku.

Kuna jambo moja watu hawalisemi. Mwekezaji mkubwa ana unafuu wa kamisheni, maana asilimia inashuka oda ikinenepa, na ana watu wa kumsomea mahesabu ya kampuni kutwa nzima. Lakini DSE, soko letu la hisa la Dar, ni nyembamba: wanunuzi na wauzaji ni wachache. Taasisi moja ilitaka kutoka kwenye hisa fulani, oda yake tukaiuza vipande vipande zaidi ya mwezi, na kila tukimwaga kipande bei inanywea. Wiki hizohizo akaja mama mmoja na hisa zake 400 za kampuni ileile. Akasaini fomu saa nne asubuhi, kabla ya adhuhuri zimeshapata mnunuzi. Tena hana bosi wa kumdai ripoti ya robo mwaka, angetaka angekaa nazo miaka kumi anakula gawio.

Mimi siku hizi nanunua kidogo kidogo, sigusi, nasubiri gawio. Hela nyingine iko kwenye mfuko wa UTT, unaokusanya hela za watu wengi na kuziwekeza pamoja. Ukiamua kumpa mtu, hakikisha ana leseni ya CMSA, ile mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji, halafu muulize mbele ya macho yake: nikipoteza, wewe unalipwa au hulipwi? Wale wa Telegram wanaorusha picha za faida wapite tu.

Hiyo milioni 5 lakini, ni ya ada ya watoto Januari au imekaa tu? Jibu hilo kwanza ndipo tuendelee.