Anzia na mlima wenu

Pole, mwalimu uliyeuliza jinsi ya kufundisha aina za mazingira ya viumbe duniani. Wanafunzi wa kidato cha kwanza kukariri "tundra (uwanda wa baridi usio na miti), jangwa, savana (nyika ya nyasi)" bila kuelewa kunachosha, lakini hapo Moshi mna Kilimanjaro dirishani. Uchore ubaoni: savana chini, vihamba (mashamba ya nyumbani) vya migomba na kahawa, msitu wa mvua, vichaka vya baridi, jangwa la juu, hadi barafu ya Kibo, kilele cha mita 5,895. Kila mita 1,000 joto hushuka takriban nyuzi 6; waulize mgomba utakwamia wapi, na kwa nini. Ila wasichanganye: tundra ya Siberia ina baridi kwa kuwa mbali na ikweta, si kwa mwinuko.

Kisha wapeleke kihambani wafukue majani yaliyooza, wamtazame jongoo akiyala, waone kuwa mazingira ni pamoja na viumbe wake. Tandu wasiguse, anauma. Mkitaka kuingia Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, ombeni kibali mapema.