Anakesha na vitabu, alama bado 32

SWALI: Mhariri, binti yangu yuko kidato cha tatu katika shule ya kata huku Mbagala. Kila siku anasoma hadi saa sita usiku, notisi zake zimejaa rangi, na tuisheni ya Jumamosi hakosi. Muhula uliopita Fizikia alipata 32, Kemia 29. Masomo ya lugha anafanya vizuri. Tumsaidieje?
Mama wa Mbagala

JIBU: Mama, bidii anayo. Tunachokiona ni kwamba anasoma sana lakini hajipimi. Ukurasa uliosomwa mara tatu na kupigwa rangi huzoeleka machoni, mtoto akadhani anaujua. Mtihani unamtaka autoe kichwani, kitabu kimefungwa, na hilo hajalifanyia mazoezi.

Abadilishe namna ya kutumia muda. Kwa kila mada fupi asome dakika 15, kisha afunge daftari na kuandika kwenye karatasi tupu yote anayoyakumbuka: kanuni, vizio, mchoro. Afungue, asahihishe kwa kalamu nyekundu, halafu afanye maswali matatu au manne bila kuchungulia mfano. Mada hiyo airudie kesho yake, baada ya siku tatu, na tena baada ya wiki, kila mara akianza na karatasi tupu. Mara ya kwanza ataona hajui kitu na atavunjika moyo. Mtie moyo hapo, kwa sababu kule kuhangaika kukumbuka ndiko kunakojenga kumbukumbu.

Pili, awe na daftari la makosa. Kila jaribio linaporudi, aandike swali alilokosa na sababu: hakujua, hakuelewa swali, au alijua akateleza kwenye vizio. Chukua mfano wa Kemia: gramu 4 za sodiamu haidroksaidi zimeyeyushwa kupata myeyusho wa sentimita za ujazo 500, tafuta ukolezi. Moli ni 4 kugawa kwa 40 (gramu za moli moja ya sodiamu haidroksaidi), yaani 0.1. Wengi wanafika hapo salama, kisha wanagawa kwa 500 na kupata 0.0002. Ujazo ulipaswa kubadilishwa kuwa lita 0.5, jibu likawa moli 0.2 kwa lita. Mtoto wa namna hii kemia anaijua, na kumwambia “soma zaidi” hakumsaidii. Kwa viwango vya Baraza la Mitihani, D ni 30 hadi 44 na C inaanzia 45. Kwenye Fizikia amebakiza alama 13, na daftari hilo litawaonyesha nyingi zinapopotelea.

Na saa nne usiku alale, tafadhali. Ubongo huimarisha yaliyosomwa mchana wakati wa usingizi, na mtoto anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala hawezi kufidia usingizi huo darasani.

SWALI: Shikamoo. Niko kidato cha nne, Temeke. Kwenye jaribio la pendulamu (gololi inayobembea kwenye uzi) kila nikirudia napata g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia, karibu 10.9. Saa ni nzima na rula ni nzima. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Karibu tuna uhakika kwamba kosa liko kwenye kuhesabu. Ukibonyeza saa na kusema “moja” palepale, ukifika “ishirini” pendulamu imebembea mara 19 tu, lakini wewe unagawa muda kwa 20. Kwa uzi wa sentimita 50, mibembeo 20 kamili huchukua sekunde 28.4 hivi, ukipata karibu 27, umeruka mmoja. Kosa hilo peke yake linaipandisha g kutoka 9.8 hadi 10.9. Sema “sifuri” unapobonyeza.

Urefu upime hadi katikati ya gololi. Ukiishia juu yake, mteremko wa grafu hautabadilika, ila mstari hautapita kwenye sifuri. Usiivute pembeni zaidi ya nyuzi 10. Mwishoni kagua mteremko wa grafu ya T² (T ni muda wa mbembeo mmoja) dhidi ya urefu: ukitumia mita utakuwa karibu na 4.0, ukitumia sentimita karibu na 0.04. Ukiona namba iliyo mbali na hizo, rudi kwenye jedwali kabla ya kukokotoa g.

SWALI: Mwalimu akifafanua Baiolojia kwa Kiswahili naelewa yote. Swali likija kwa Kiingereza nakwama. Nikariri?

JIBU: Usikariri sentensi nzima, ukisahau neno moja yote inaporomoka. Ivunje maana katika vipande. Osmosisi ina vitatu: molekuli za maji, utando unaopitisha baadhi ya vitu, na mwelekeo wa kutoka myeyusho hafifu kwenda mzito. Jifunze istilahi ya Kiingereza ya kila kipande, kisha unda sentensi yako mwenyewe. Wanaoacha utando wameeleza nusu tu.

Angalia pia kitenzi cha swali. Ukiambiwa utofautishe ateri na vena, gusa pande zote mbili katika kila hoja: ateri hutoa damu kwenye moyo, vena huirudisha. Tovuti ya Baraza la Mitihani ina taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zenye mifano ya majibu mazuri na mabaya, swali kwa swali. Jibu swali kwanza kwenye karatasi, ndipo ufungue taarifa hiyo ulinganishe.