Maswali ya Wasomaji: Mikataba ya Mazingira ya Mataifa Makubwa Ina Meno?

Swali: Kila mwaka wakubwa wa dunia wanakutana na kutoa tamko kuhusu tabianchi. Nchi isipotimiza ilichoahidi chini ya Mkataba wa Paris inafanywa nini?

Jibu: Haitozwi faini wala haishtakiwi. Mkataba huo wa 2015 unaibana nchi kwenye utaratibu tu: iwasilishe mpango wa kupunguza gesijoto kila baada ya miaka 5, na itoe ripoti ya hesabu zake kila baada ya miaka 2. Kiwango cha kupunguza inajipangia yenyewe. Kamati ya utekelezaji, iliyoundwa na kifungu cha 15, imeelekezwa waziwazi isiadhibu. Kujitoa nako ni barua moja kwa Umoja wa Mataifa, kisha kusubiri mwaka mmoja. Marekani ilitoka Novemba 2020, ikarudi Februari 2021, na Januari 2025 ikatangaza kuondoka tena.

Kwa hiyo ukisoma tamko lolote, iache kwanza ile asilimia ya kwenye kichwa cha habari. Angalia hesabu inaanzia mwaka gani, nani anapima, nani anatoa fedha, na mkiukaji anapoteza nini. Ahadi ya methani ya 2021, kwa mfano, inataka kupunguza asilimia 30 ifikapo 2030 kutoka kiwango cha 2020, lakini ni lengo la pamoja: hakuna nchi iliyopewa fungu lake. Nayo G20, kundi la mataifa yenye uchumi mkubwa, ilipokutana Pittsburgh mwaka 2009, iliahidi kuondoa ruzuku zisizo na tija za mafuta na makaa ya mawe katika “muda wa kati”. Mwaka haukutajwa, na ahadi isiyo na mwaka haiwezi kuvunjwa.

Swali: Mbona basi Itifaki ya Montreal ya kulinda ozoni inasifiwa? Si makaratasi yale yale?

Jibu: Siyo yale yale. Itifaki hiyo ya 1987 ilipiga marufuku biashara ya kemikali zinazoharibu ozoni na nchi zisizojiunga, hivyo kubaki nje kukawa hasara. Nchi zinazoendelea zilipewa muda wa ziada, na mwaka 1990 ukaundwa mfuko wa kulipia gharama za nyongeza: kiwanda kinachobadili mitambo hulipiwa ile tofauti inayoletwa na mabadiliko. Leo nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa zimeiridhia.

Tena hewa yenyewe inapimwa. Gesi ya CFC-11, mojawapo ya kemikali hizo, ilipaswa kuwa imekoma kuzalishwa duniani mwaka 2010. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kuwa kupungua kwake angani kumezorota. Vituo vya Gosan nchini Korea Kusini na Hateruma nchini Japani vilikuwa vikinasa kiwango kinachoruka kila upepo ulipovuma kutoka mashariki mwa China. Walipoirudisha njia ya upepo kwa kompyuta, mwaka 2019 wakataja majimbo ya Shandong na Hebei. China ikafanya misako, na utoaji ukashuka. Hata hivyo, vituo vya namna hiyo ni vichache, na yapo maeneo makubwa ya dunia ambako mkosaji asingenaswa.

Swali: Mimi ni fundi wa viyoyozi. Wateja wamesikia gesi ya kupozea ya R-410A inaondolewa, wanataka niwajazie R-32 au R-290 kwenye mashine zile zile. Inafaa?

Jibu: Haifai. Marekebisho ya Kigali ya 2016, yaliyoongezwa kwenye Itifaki ya Montreal, hayaharamishi mashine iliyokwisha fungwa. Yanabana kiasi cha gesi za HFC (gesi za kupozea zinazopasha dunia joto, zikiwemo R-410A na R-32) kinachozalishwa na kuagizwa, kikihesabiwa kwa uzito wa kaboni dioksidi yenye athari sawa. Kilo 1 ya R-410A ni sawa na kilo 2,088, na ya R-32 ni kilo 675, hivyo mgawo wa kilo 1 ya kwanza unatosha kuingiza kilo 3 za pili. Nchi nyingi zinazoendelea zilisimamisha kiwango mwaka 2024, zitapunguza asilimia 10 mwaka 2029 na 80 ifikapo 2045. India na nchi za Ghuba zinaanza 2028.

R-410A ni nusu R-32 na nusu R-125, na hiyo R-125 ndiyo inayozuia moto. Ukiweka R-32 tupu, joto la kutokea kompresa linapanda, oili inaharibika, na una gesi inayowaka ndani ya mashine isiyotengenezwa kwa hilo. R-290 ni propani: nzito kuliko hewa, ikivuja hulala sakafuni ikisubiri cheche ya swichi. Kuongezea juu ya gesi iliyomo ni kubaya zaidi, maana mchanganyiko huo hauwezi kutenganishwa karakana.

Tafuta mvujo kwa naitrojeni, ziba, vuta vakyumu hadi kipimo cha vakyumu kisome chini ya maikroni 500, kisha jaza R-410A kwa mzani kama kibandiko kinavyoelekeza, ikitoka mtungini ikiwa kimiminika.

Swali: Nchi tajiri zina akiba ya mafuta ya siku 90. Ni siku 90 za matumizi?

Jibu: Hapana. Shirika la Kimataifa la Nishati, lililoanzishwa 1974 na ndilo linalozidai nchi wanachama akiba hiyo, linahesabu siku 90 za mafuta yanayoagizwa, baada ya kutoa yanayouzwa nje. Ndiyo maana Kanada na Norwei, zinazouza kuliko kununua, hazidaiwi akiba hiyo.