Mimi ni Doto, na mgongo wangu si wa Kulwa

Msomaji mmoja ameniandikia kutoka Mwanza. Binti yake ana miaka 12, bega moja limepanda, na mama mkwe ameshakata kesi: "Kwenu ndiko kwenye vibyongo." Anauliza kama kweli amemrithisha mwanawe.

Dada, umefika kwa mwenyewe. Mimi na Kulwa ni pacha wa kufanana, yai moja, hata baba alikuwa akituchanganya. Mgongo wa Kulwa umepinda nyuzi 14 za pembe, ukimwona hujui. Wangu ulipita 50, na leo natembea na vyuma na skrubu ndani. Jeni zilezile, ugali uleule, ndoo zilezile kichwani.

Aliyegundua hakuwa daktari, alikuwa fundi cherehani. Alikuwa akitushonea sare, sketi yangu ikawa inaning'inia upande mmoja kila akiipinda upya. Akaniambia nivue koti nigeuke. Akamwita mama. Basi hapo ndipo maneno yalipoanza: mama alitubeba vibaya, mama alivunja mwiko, kwao kuna bibi aliyekuwa hivyo. Mama alilia kuliko mimi. Miaka ya kuchuliwa mafuta na kungoja nairuka, haina faida kwa mtu. Ila nitasema hili: kuna watu walikuja kuposa, wakasikia habari za vyuma, wakauliza kama nitazaa watoto wa aina hiyo, hawakurudi. Nimezaa wawili. Wako wima kama minazi, na bado nawakagua.

Sasa urithi. Skoliosisi hii ya ujanani, yaani mgongo kupinda kwenda upande, inayowapata vijana 2 au 3 katika kila 100, inatembea katika familia, hilo ni kweli. Uchunguzi uliojumlisha mapacha ulikuta kwamba pacha wa kufanana akiwa nayo, mwenzake huwa nayo karibu mara 7 kati ya 10. Kwa wasiofanana ni kama nusu ya hapo. Uchunguzi wa Denmark ulipata kiwango cha chini zaidi. Kama jeni zingeamua kila kitu, ingekuwa 10 kwa 10, na mimi na Kulwa tungelingana nyuzi. Wala hakuna jeni moja ya kulaumu. Mwaka 2011 watafiti wa Japani walionyesha eneo linalohusiana na mpindo huu karibu na jeni iitwayo LBX1, zikafuata nyingine, kila moja ikichangia kidogo tu. Na mtoto huchukua nusu kwa baba, kwa hiyo baba mtoto naye avue shati ainame kabla ya kikao cha ukoo. (Kibyongo cha kifua kikuu cha mgongo ni habari nyingine, hicho hakirithiwi.)

Begi la shule halipindishi mgongo hivi. Wala kulala vibaya. Akina mama, acheni kujihukumu, na ninyi mawifi acheni kuhukumu! Nguvu hizo zitumieni kuwakagua watoto, hasa mabinti, maana wao ndio mipindo yao huzidi, na huzidi wakati wanarefuka kwa kasi. Mvulishe blauzi, ainame mbele, mikono ikining'inia. Simama nyuma yake. Upande mmoja wa mbavu ukipanda kuliko mwingine, nenda hospitali. Na kama wewe mwenyewe umepinda, au dada yako, kagua wote, rudia kila likizo. Mapema, jamani, mapema.

Mapema kwa sababu mpindo wa nyuzi 25 hadi 40 kwa mtoto anayekua bado unaweza kuzuiwa kwa koseti la plastiki, lile vazi gumu linalobana kiwiliwili kushikilia mgongo. Utafiti wa Marekani na Kanada uliotoka 2013 ulikuta waliovaa koseti, 72 katika 100 walimaliza kukua bila kufika nyuzi 50, wasiovaa, 48. Waliolivaa saa nyingi zaidi kwa siku ndio waliofaulu zaidi. Mimi koseti nililisikia nikiwa nimeshapita hapo. Bado inaniuma.

Mkienda, eksirei ipigwe akiwa amesimama, mgongo mzima. Uliza ni nyuzi ngapi, usikubali kuambiwa "umepinda kidogo" tu. Chini ya 10 hawaiiti skoliosisi. Namba iandike kwenye daftari lake pamoja na tarehe na urefu wake, na picha usiiache hospitali, maana ya miezi sita ijayo italinganishwa na hiyo.