Uzi wa waridi la krosi 5,000

Umeuliza ununue mikunjo mingapi ya uzi mwekundu kwa waridi lako la krosi 5,000 (mishono ya msalaba). Nunua mikunjo 3 ya huo wekundu dadangu, 2 haitafika. Kwa Aida ya 14 (kitambaa cha kudarizi chenye matundu 14 kwa inchi) ukishonea nyuzi mbili, mkunjo mmoja wa uzi wa kampuni ya DMC wa mita 8 unakupea kama krosi 1,900. Hesabu ni hivi, uzi una nyuzi 6 ndani, ukikata vipande vya sentimita 50 unapata 16, ukigawa kila kimoja mara tatu, nyuzi mbili mbili, ni 48, na mimi kipande kimoja hunitolea krosi 40 hivi nikishatoa ile ya kufungia mwanzo na mwisho. Shona kipande kimoja kwanza uhesabu zako, mkono wa mtu hutofautiana.

Lakini hiyo ni kama rangi imekaa pamoja, ikiwa imetawanyika krosi mbili hapa tatu pale uzi mwingi unaishia nyuma ya kitambaa, ongeza mkunjo mmoja. Na ununue zote siku moja, mimi nilirudi duka la hapa Kisumu baada ya mwezi nikapewa namba ileile na wekundu haukushikana, hadi wa leo kitambaa cha meza kina jani mbili za rangi ya ajabu.