Kosa huja asubuhi ya pili

Wiki hii mmeuliza: ukiendesha gari nchi ya watu, sheria ipi inasumbua zaidi? Kwetu Mtwara jibu la haraka ni "hakuna". Ukivuka Ruvuma kwa Daraja la Umoja pale Mtambaswala, Msumbiji nao wanapita kushoto. Wareno waliokuwa wakiitawala walihamia kulia kwao mwaka 1928, Msumbiji ikabaki kushoto kama majirani zake. Beba pembetatu mbili na koti la rifleta, kata bima mpakani, ulizia kwanza usalama wa Cabo Delgado, mkoa unaoingia ukishavuka. Basi.

Kazi wanayo madereva wetu wanaopeleka mzigo Rwanda, maana ukipita mpaka wa Rusumo unahamia kulia. Mpakani hakosei mtu, unafuata lori la mbele. Dereva mmoja wa Masasi alivuka vizuri, akalala sheli, alfajiri akatoka akikata kushoto. Barabara tupu, hata bodaboda hakuna. Huku kwetu ukikata kushoto unaingia njia ya karibu. Kule njia hiyo ni ya wanaokuja; unatakiwa uivuke, ushike ya mbali. Mikono ikafuata mazoea. Kwa kuwa hapakuwa na gari la kumshtua, alikwenda hivyo hivyo mpaka kwenye kona, utingo akapiga kelele taa zilipowajia usoni. Akalitupa lori nje ya lami. Walipona, namshukuru Mungu, lakini ni yule utingo aliyewaokoa.

Kwenye kipilefti kule unaingilia kulia, unazunguka kinyume cha saa, na kumpisha anayetokea kushoto. Kuovateki ndiko kubaya zaidi: usukani wetu uko kulia, kwa hiyo umekaa ukingoni na lori la mbele limekuziba. Rudi nyuma uache nafasi, utingo achungulie, akisema "bado" ni bado. Taa nazo: za magari yetu hupandisha mwanga kushoto, na kule kushoto ndiko wanakotokea wenzako. Fundi azishushe kabla ya safari, au bandika solotepu nyeusi kwenye kioo pale mwanga unapopandia.

Nilikusudia kusema upande si kitu, mtu huzoea. Kwa gari dogo, mchana, bado nasema hivyo, ilimradi usiwe na haraka ya kuovateki. Kwa lori siwezi. Hata dereva awe mzoefu vipi, asivuke Rusumo bila utingo, na utingo mwenyewe awe macho kila gari linapotoka sheli.